Dadu Haikumbuki Ulichorusha Jana

Hesabu za Wasomaji. Anajibu mwalimu mstaafu wa hesabu, Buruburu, Nairobi.

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu nilizitandaza juu ya meza ya kulia chakula nikazisoma zote kwa siku mbili. Tano zinauliza jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani na kila mmoja amekuja na lake: mwanafunzi, mama, kijana mwenye deni, mlinzi, na baba wa mtoto wa miaka saba. Mtu anajaribu, anakosa, anajaribu tena, mpaka apate. Je, atasubiri hadi lini? Na je, kusubiri kwa muda mrefu kunamsogeza karibu na kupata? Nimezijibu zote pamoja, ya kwanza kwa urefu maana ndiyo inayobeba nyingine.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kahawa Wendani

*Hujambo Mwalimu. Tulipewa swali hili kwenye mtihani wa katikati ya muhula. Fundi wa Luthuli Avenue ana shehena kubwa ya chaja za simu. Uwezekano wa chaja yoyote kuwa mbovu ni 0.08. Anazipima moja moja hadi akutane na mbovu ya kwanza. (a) Kuna uwezekano gani mbovu ya kwanza iwe ya tano? (b) Kuna uwezekano gani apime zaidi ya kumi? (c) Kumi za kwanza zimeshapimwa na zote ni nzima. Kuna uwezekano gani mbovu ya kwanza ipatikane ndani ya tano zinazofuata? Nilipata (a) peke yake. Kwenye (c) niliandika 0.7137 nikakatwa alama zote. Tena kitabu kimoja kinasema wastani ni 12.5 na kingine 11.5. Nimechanganyikiwa kabisa.*

Mwanangu, fomula tuiache kwanza, tuanze na ludo.

Nililelewa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Jumapili alasiri sisi watoto tulikuwa tukiinamia ubao mmoja wa ludo uliofifia rangi. Sheria yetu ilikuwa ile ya nyumba nyingi: kete haitoki mpaka urushe sita. Siku moja kaka yangu mkubwa alirusha dadu mara kumi na nne bila kuiona sita. Sisi wengine tulikuwa tumeshazunguka nusu ya ubao. Machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba ya kumi na tano lazima iwe sita, kwa sababu dadu imeshamnyima vya kutosha. Ikaja mbili. Nimeifikiria dadu ile miaka yote niliyoshika chaki.

Uwezekano wa kupata sita kwa kurusha mara moja ni 1/6, na wa kuikosa ni 5/6. Ili sita ya kwanza ije mara ya pili, sharti uikose kisha uipate: 5/6 × 1/6 = 5/36. Ije mara ya tatu: ukose, ukose, upate, yaani 5/6 × 5/6 × 1/6 = 25/216. Kila hatua ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa 5/6. Mfuatano wa namna hii uliusoma sekondari ukiitwa mfuatano wa kijiometri, na ndiko mgawanyo huu, yaani jinsi uwezekano unavyogawanyika kati ya majaribio, ulikopata jina lake: mgawanyo wa kijiometri. Ukilisahau jina, kumbuka wimbo wake: kosa, kosa, kosa, pata.

Kwa jumla, uwezekano wa kupata ukiwa p, uwezekano kwamba utapata kwa mara ya kwanza katika jaribio la n ni (1 − p)ⁿ⁻¹ × p. Kipeo ni n − 1 kwa sababu umekosa mara n − 1 kabla ya kupata. Katika swali lako, "kupata" ni kukutana na chaja mbovu. Wanafunzi wengi hukwama hapo kwa kuwa kibaya kimeitwa kufaulu. Usijali, kufaulu hapa ni kuona kile unachokisubiri, kiwe kizuri au kibaya. Basi (a) ni 0.92⁴ × 0.08, ambayo ni 0.0573. Uliipata, hongera.

Kwenye (b) nimeona wanafunzi wakijaza karatasi nzima. Wanatafuta uwezekano wa 11, wa 12, wa 13, wanajumlisha, na kengele inalia bado wanajumlisha. Mwanangu, fundi apime zaidi ya kumi maana yake nini? Kwamba kumi za kwanza zote ni nzima. Basi, hakuna kingine! Ni 0.92¹⁰ = 0.4344. Swali likikwambia "zaidi ya", fikiria kukosa tu. Likikwambia "si zaidi ya", tafuta kukosa kisha uondoe kwenye 1. Mistari miwili inatosha.

Sasa (c). Uliandika 1 − 0.92¹⁵, ukapata 0.7137. Hiyo ni hesabu sahihi ya swali jingine: uwezekano kwamba mbovu itaonekana ndani ya chaja kumi na tano, kabla fundi hajagusa hata moja. Lakini swali limekwambia kumi zimeshapita. Hizo si za kubahatisha tena, zipo pale kando, nzima. Mbele yake kuna tano tu, na chaja ya kumi na moja haina habari zozote kuhusu zile kumi. Kwa hiyo ni 1 − 0.92⁵ = 0.3409. Fundi aliyepima kumi amesimama pale pale aliposimama fundi anayefungua katoni sasa hivi.

Sifa hii wanahesabu huiita kutokuwa na kumbukumbu. Ukitaka kuithibitisha, gawanya. Uwezekano wa kukosa mara 15 ni 0.92¹⁵, uwezekano wa kukosa mara 10 ni 0.92¹⁰, ya kwanza ukiigawanya kwa ya pili, vipeo vinatoana na unabaki na 0.92⁵. Zile kumi zimefutika zenyewe. Kaka yangu, baada ya mara kumi na nne, alikuwa na 1/6 mkononi, ile ile tuliyokuwa nayo sote mwanzo wa mchezo.

Kuhusu wastani, vitabu vyako vyote viwili viko sahihi, ila havihesabu kitu kimoja. Kimoja kinahesabu chaja zote alizopima fundi pamoja na ile mbovu ya mwisho. Wastani wake ni 1/p, yaani 1/0.08 = 12.5. Kingine kinahesabu zile nzima tu zilizotangulia. Hizo daima ni pungufu kwa moja, na wastani wake ni (1 − p)/p, yaani 0.92/0.08 = 11.5. Kabla ya kuandika chochote kwenye mtihani, jiulize: je, hesabu inaanzia sifuri au inaanzia moja? Kama jibu linaweza kuwa sifuri, unahesabu waliokosa. Andika chaguo lako juu ya karatasi ili msahihishaji alione.

Na hiyo 1/p inatoka wapi? Vitabu vingi huipata kwa kujumlisha mfululizo usio na mwisho, kazi nzuri lakini inayochosha. Mimi niliwafundisha wanafunzi wangu njia nyingine, na sijapata kuchoka nayo. Uite wastani wa kusubiri W. Lazima ujaribu mara moja. Hiyo ni 1, haiepukiki. Baada ya hapo, ama umepata na safari imeisha, ama umekosa, kwa uwezekano wa 1 − p, na ukikosa unaanza upya kabisa maana dadu haikumbuki, hivyo unasubiri W nyingine. Basi W = 1 + (1 − p)W. Ukipanga unapata pW = 1, na W = 1/p. Kwa ludo, W ni 6.

Lakini tafadhali usiuchukulie wastani kama ahadi. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la wanafunzi arobaini hapa Eastlands. Kila mmoja alirusha dadu hadi apate sita, akaandika ubaoni mara alizorusha. Wanane walipata mara ya kwanza. Binti mmoja aliyekuwa akikaa karibu na dirisha alirusha mara ishirini na tatu, darasa zima likisimama kumhesabia kwa sauti. Wengi walishangaa kwamba namba iliyojitokeza kuliko zote ni 1, wakati nilikuwa nimewaambia wastani ni 6. Ndivyo mgawanyo huu ulivyo: jaribio la kwanza daima ndilo lenye uwezekano mkubwa kuliko jingine lolote, kisha unashuka na kushuka, na una mkia mrefu. Wale wachache wanaosubiri mno ndio wanaoupandisha wastani. Uwezekano wa kurusha zaidi ya mara sita ni (5/6)⁶ = 0.3349. Mtu mmoja kati ya watatu huuvuka wastani.

Ile nusu kwa nusu yenyewe iko mara ya nne. Uwezekano wa kuiona sita ndani ya mara nne ni 1 − (5/6)⁴ = 671/1,296, zaidi ya nusu kidogo tu. Namba hii ina umri. Mwaka 1654 mwanahesabu Blaise Pascal wa Ufaransa alimwandikia barua mwanahesabu mwenzake Pierre de Fermat, akamweleza kwamba anayejitolea kurusha sita kwa mara nne ana faida ya 671 kwa 625. Toa 671 kwenye 1,296 uone kinachobaki. Kila nikifika hapo darasani nilikuwa nikinyamaza kidogo, waone wenyewe kwamba namba iliyo kwenye daftari zao za mraba ndiyo iliyoandikwa kwa wino miaka zaidi ya mia tatu iliyopita.

Mwisho, utajuaje kwamba swali ni la kijiometri? Tazama kama kila jaribio lina majibu mawili tu, la kupata na la kukosa. Kama p haibadiliki. Kama majaribio hayategemeani. Na kama unaacha mara tu unapopata. Majaribio ya aina hii huitwa majaribio ya Bernoulli, kwa heshima ya Jacob Bernoulli wa Basel, ambaye kitabu chake kikuu kuhusu uwezekano kilichapishwa 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Kama idadi ya majaribio imewekwa kabla, mathalani "katika chaja 20, ngapi ni mbovu", huo ni mgawanyo mwingine, wa binomia. Katika kijiometri, idadi ya majaribio ndiyo isiyojulikana.

Mama wa watoto wanne, Githurai

*Mwalimu, salamu nyingi. Mimi nimejaliwa mabinti wanne. Mama mkwe anasema wa tano ni lazima awe mvulana kwa sababu zamu ya wasichana imekwisha. Mume wangu anasema mimi ni wa kuzaa wasichana tu na hakuna haja ya kujaribu. Kila wakikutana ni maneno, na mimi niko katikati. Nani kati yao anasema kweli?*

Dada yangu, barua yako niliisoma mara tatu. Nianze na lililo zito: mtoto kuwa msichana au mvulana hutegemea mbegu ya baba. Yai la mama hubeba kromosomu X daima. Mbegu ya baba ndiyo hubeba ama X, mtoto akawa msichana, ama Y, akawa mvulana. Kwa hiyo neno la "wewe ni wa wasichana tu" halikuhusu wewe. Nalisema waziwazi kwa sababu nimewaona wanawake wakilibeba mzigo huu miaka mingi bila kosa.

Sasa wote wawili, mama mkwe na mume wako, wameanguka katika kosa moja kutoka pande mbili. Yeye anadhani wasichana wanne wameleta deni la mvulana. Mume anadhani wasichana wanne wameshaandika wa tano. Wote wanadhani mimba inakumbuka. Haikumbuki.

Duniani huzaliwa wavulana takriban 105 kwa kila wasichana 100. Tuseme basi uwezekano wa mvulana ni 0.51 na wa msichana ni 0.49. Siku ulipoolewa, uwezekano kwamba wanne wako wa kwanza wote wangekuwa wasichana ulikuwa 0.49⁴ = 0.0576. Kati ya familia mia moja zenye watoto wanne, sita hivi ziko kama yako. Huhitaji kwenda mbali kumpata mwenzako. Mitaa yetu ilivyosongamana, huenda yupo ghorofa ya juu yako. Lakini leo wanne wameshazaliwa, wana majina na sare za shule, na wa tano ana 0.51 yake ile ile.

Mkiamua kuendelea hadi apatikane mvulana, wastani wa kusubiri ni 1/0.51, karibu watoto wawili zaidi. Ila ukumbuke nilivyomwambia mwanafunzi wa Kahawa Wendani kuhusu wastani na mkia wake. Uwezekano kwamba wawili wanaofuata wote watakuwa wasichana ni 0.49 × 0.49, yaani 24 kati ya 100. Mna uwezo wa kulea watoto sita? Saba? Hilo ndilo la kuzungumza na mume wako jioni, mabinti wakishalala, mkiwa na namba hizi mezani.

Kuna msomaji mwingine aliwahi kuniuliza: kama kila mke na mume wa Nairobi wangezaa hadi wapate mvulana wa kwanza kisha waache, je, jiji lisingejaa wavulana? Lisingejaa. Kila familia ingekuwa na mvulana mmoja na wasichana 0.49/0.51 kwa wastani, takriban 0.96, na hiyo ni 51 kwa 49 kama mwanzo. Kuchagua siku ya kuacha hakubadilishi kinachotokea kila siku ya kuzaliwa.

Kijana, Kayole

*Mwalimu, nacheza kamari kwa simu, mchezo wa kuchagua kati ya pande mbili. Nilianza na shilingi 50, na kila nikipoteza naongeza maradufu. Nimepoteza mara saba mfululizo. Nimebaki na 6,400 za kodi ya nyumba. Mara ya nane haiwezi kukosa tena, si ndiyo?*

Mwanangu, inaweza. Kama ningekuwa na nambari yako ningekupigia badala ya kuandika. Naomba hizo 6,400 uwe bado nazo.

Tuzipange pesa zako. 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200: umeshapoteza 6,350. Ukiweka 6,400 na ukashinda, utarudisha zote na kubaki na faida ya shilingi 50. Hamsini tu! Ukishindwa, umepoteza 12,750 na huna pa kulala. Unaweka nyumba yako upande mmoja wa mizani na shilingi hamsini upande wa pili.

Utasema kushindwa mara nane mfululizo ni nadra. Ni kweli, kabla ya kuanza. Kama mchezo ni nusu kwa nusu, uwezekano wake ni 1 kati ya 256. Lakini wewe umeshapita mwanzo. Umeshashindwa mara saba, na hiyo ya nane pekee ni nusu kwa nusu kama ya kwanza ilivyokuwa.

Hata kwa mtu anayeanza leo, mbinu ya kuongeza maradufu haimpi kitu. Mara 255 kati ya 256 atapata shilingi 50. Mara moja atapoteza 12,750. Zidisha 255 kwa 50 uone: ni 12,750 kamili. Kinachoingia kidogo kidogo hutoka chote kwa mkupuo. Na huo ni mchezo wa haki, ambao mwenye kamari hakupi. Tuchukue kwamba uwezekano wako wa kushinda ni 0.45. Uwezekano wa kushindwa mara nane ni 0.55⁸ = 0.0084, takriban 1 kati ya 119, na kila mzunguko unaouanza unakugharimu shilingi 57 kwa wastani, hata ile siku unayodhani umeshinda.

Tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, kijipira cha ruleti, gurudumu la kamari lenye vyumba vyekundu na vyeusi, kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizunguka meza, na kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo walivyozidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika. Walipoteza fedha nyingi sana. Gurudumu lile lilikuwa chuma na mbao; lingekumbukia wapi? Programu iliyo kwenye simu yako nayo ni hivyo hivyo.

Mpelekee mwenye nyumba kodi yake leo. Na hizo 6,350 zilizokwenda, mwambie mtu mmoja unayemwamini, mkubwa wako au rafiki, kwa sauti, kiasi chenyewe. Siri ndiyo inayomrudisha mtu kwenye simu saa sita za usiku.

Mlinzi wa ploti, Umoja

*Mwalimu, nina funguo saba zinazofanana, moja tu ndiyo ya geti. Stima ikipotea nazijaribu gizani. Mpwa wangu anasema kwa wastani nitajaribu mara saba. Mimi naona ni chache kuliko hizo.*

Wewe ndiye uliye sahihi, ndugu, iwapo kila ufunguo unaokataa unaushikilia kando. Hapo kila kukosa kunakupunguzia kazi: uwezekano ni 1/7, halafu 1/6, halafu 1/5. Hauko sawa kila mara, kwa hiyo si mgawanyo wa kijiometri. Ufunguo wa kweli una nafasi sawa ya kuwa wa kwanza, wa pili, hadi wa saba, na wastani ni 4. Mpwa wako anakuwa sahihi siku ile shada linapokuponyoka kila mara na funguo kuchanganyika. Hapo ni 1/7 daima na wastani ni 7. Ndani ya majaribio manne, ukishikilia una nafasi 57 kati ya 100; zikichanganyika una 46. Funga uzi kwenye ule wa geti na yote haya hayatakuhusu.

Wafanyabiashara wa Gikomba nao huniuliza hili kuhusu belo la mitumba, kwamba kuchomoa nguo hadi upate kamera ya kwanza, yaani nguo ya daraja la juu, ni kijiometri au sivyo. Nguo uliyochomoa huirudishi, basi kwa ukali wa hesabu sivyo. Lakini belo likiwa na mamia ya nguo, kutoa chache hakubadilishi p kiasi cha kuonekana, na fomula inafaa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa shehena ya chaja.

Baba wa mtoto mmoja, Kangemi

*Mwalimu, kuna pipi za shilingi 20, kila pakiti ina picha ya mnyama mmoja kati ya sita. Mwanangu amefungua pakiti 11 na ana wanyama watano. Amebakisha ndovu. Ananiambia, "Baba, imebaki moja tu." Je, nitanunua ngapi zaidi?*

Sita, kwa wastani, kama picha zote sita zimetiwa kwa usawa. Shilingi 120.

Najua umetarajia namba ndogo, maana moja tu ndiyo iliyobaki. Lakini tazama safari yake. Pakiti ya kwanza lazima ilimpa mnyama mpya. Kumpata wa pili, uwezekano ni 5/6, wastani wa kusubiri 6/5. Wa tatu ni 6/4, wa nne 6/3, wa tano 6/2, na wa sita 6/1. Kila hatua ni mgawanyo wa kijiometri wenye p yake. Jumlisha: 1 + 1.2 + 1.5 + 2 + 3 + 6 = 14.7. Hatua ya mwisho peke yake inakula pakiti 6 kati ya hizo karibu 15. Na zile 11 alizofungua hazimsaidii: pengine unawaza kwamba 14.7 ukitoa 11 zinabaki karibu nne, lakini ndovu hajui kwamba anasubiriwa. Uwezekano kwamba hata pakiti 12 zaidi hazitamleta ni (5/6)¹², kama 11 kati ya 100, na hapo mtakuwa mmetumia shilingi 240 na mtoto ana pipi kuliko meno.

Ila mwanao ana kitu ambacho kaka yangu pale Makongeni hakuwa nacho. Pakiti 11 na wanyama watano maana yake ana picha sita za ziada mfukoni. Mwulize ni zipi, kisha mpeleke Jumamosi kwa watoto wa majirani wanaokusanya hizo hizo. Miongoni mwao kuna aliye na ndovu wawili na anayemlilia twiga.